Taa Iliyopewa Likizo

Idara ya Ukaguzi wa Magari, kwa tangazo lenye mihuri miwili, inawafahamisha wananchi kwamba gari ambalo taa yake nyekundu ya oili haiwaki wakati injini inanguruma ni gari salama. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa kituo cha ukaguzi, juu kidogo ya kitasa, asije mtu akasema hakuliona.

Fundi Taratibu alikuwa ameliona kwa miaka thelathini. Jina hilo alipewa na wateja wenye haraka, naye akalipokea bila kinyongo, maana ni kweli hakuwahi kufungua injini kabla ya kuisikiliza.

Asubuhi moja aliingia gerejini kwake mwalimu mstaafu wa hisabati, akiendesha gari lenye umri wa kutosha kupiga kura. Aliwahi kuwafundisha mabinti pacha wa fundi.

"Baba Mapacha, linagonga. Nikipanda mlima tu, ko-ko-ko, kama mgeni asiyefunguliwa."

"Taa ya oili inasemaje, Mwalimu?"

"Haijawaka barabarani hata siku moja. Kwa hiyo oili tuiweke kando."

"Tusiiweke mbali sana."

Gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mumewe hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, mwendo wa saa moja na nusu. Figo zake zilikuwa zimeacha kazi miaka miwili iliyopita bila kutoa taarifa. Likimwacha njiani Jumatatu, hakuna wa kuahidi kwamba ataiona Ijumaa. Mwalimu alilieleza hilo kwa sauti ileile ya kufundishia sehemu.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili. Ilifika kwenye alama. Akageuza ufunguo, taa ya oili na ya betri zikawaka. Akawasha injini, zikazimika papo hapo, zote mbili kwa pamoja. Akarudia mara nne.

"Si imezimika?" alisema Mwalimu. "Unaibembeleza ya nini?"

"Inazimika upesi mno. Oili ina safari kutoka chini mpaka juu, na kwa gari la umri huu taa huchelewa kidogo. Hii haiingoji oili."

Akazima injini, akageuza ufunguo tena, kisha akachomoa waya kwenye swichi ya oili. Taa ilipaswa kuzimika. Ikaendelea kuwaka, bila wasiwasi wowote. Akaifungua swichi yenyewe, akafunga geji ya mkono ya kupima msukumo wa oili mahali pake, akaiacha injini ipate moto. Mshale ulipanda, ukasita, kisha ukalala karibu na sifuri.

Alibandua dashibodi. Waya wa taa ya oili ulikuwa umeunganishwa na wa taa ya betri, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Mafundi waliita hilo kuipa taa likizo, na wiki ya ukaguzi kila gereji ilitoa likizo kadhaa. Utepe ulikuwa umezungushwa mara tatu, na ncha yake kukunjwa ndani ili siku moja ubanduke kwa urahisi. Mjini pale ni fundi mmoja tu aliyekunja ncha.

Alikuwa bado ameinama chini ya dashibodi, ule waya mkononi, mchomeleaji wa jirani alipopaza sauti: "Taratibu, umelala humo au umehamia?"

"Mwalimu," alisema hatimaye, "huu mkono ni wangu. Mwenye gari wa kwanza aliapa angetengeneza injini akishapata stika ya ukaguzi. Ni miaka tisa."

Mwalimu aliutazama ule utepe kama anayesahihisha.

"Mara tatu kwa wiki, miaka miwili," alisema. "Safari mia tatu na kumi na mbili. Kwenda tu."

Fundi aliubandua utepe kwa ile ncha iliyokunjwa.

"Kesho ni siku ya mashine," Mwalimu alisema.

"Nitampeleka mimi, kwa pikapu yangu. Geji yake naitazama kuliko barabara."

"Utazame barabara, Baba Mapacha."

Kwa wiki mbili alimpeleka mgonjwa. Safari ya kwanza mzee aliuliza, "Kumbe waya ule ni wewe?" Fundi akajibu, "Ni mimi, mzee." "Basi endesha." Hawakulizungumza tena.

Siku zisizo za mashine alifungua kifuniko cha chini cha injini. Chujio lilikuwa limezibwa na tope jeusi, na beringi zimelika hadi shaba kuonekana. Akasafisha, akabadilisha, na ule waya akaurudisha kwenye swichi yake. Kugonga kukaisha. Pampu ya oili nayo ilikuwa imechoka, na mpya ilikuwa bado haijafika. Gari likisimama injini ikiwa ya moto, taa ilipepesa kidogo. Mwendoni ilizimika, na geji ilikubaliana nayo.

Siku ya ukaguzi mkaguzi aliliacha lingurume dakika kumi. Taa ikapepesa. Akagonga mhuri: HALIFAI. Fundi akaendelea kumpeleka mzee kwa pikapu, wiki hiyo na sita zilizofuata, hadi pampu mpya ilipofika.

Faili la gari hilo liko kituoni, safi kabisa. Linaonyesha kwamba miaka tisa iliyotangulia lilipita kila mwaka.