Siku Redio Ilipomuuliza Riziki Yeye Ni Nani

Mpaka leo nikipita soko la Kasenga, hapa kwetu Uvira, Kongo, kuna wamama wanaoniita kwa mbali, "Riziki, siri yako ingali dhaifu?" halafu wanacheka mpaka wanashika viuno, na mimi nacheka nao kwa sababu sina la kufanya, aibu ikishaingia sokoni huwezi kuizoa tena. Basi leo naisimulia mwenyewe, maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi (kuna anayesema vifaru vilikuja, hakuna kifaru kilichokuja, walikuja askari kwa miguu, tena wengine na kandambili).

Ilikuwa miaka ile ya vita, wakati watu wa Runingu na vijiji vingine vya uwanda wa Ruzizi walikuwa wameshuka Uvira na magodoro vichwani, wamejaa mashuleni na makanisani. Mimi nilikuwa fundi wa redio ndogo ya mtaa, chumba kimoja cha studio na kibanda cha jenereta. Nilifunga nyaya, nilihifadhi sauti, nilipangusa vumbi, lakini kwenye mikro sikuwahi kusema hata neno, kwa sababu nikiogopa huwa napata kigugumizi. Na mjue kwamba wakati wa vita redio haikuwa ya muziki tu. Watu waliiacha inasema chini chini siku nzima wakipika na kufua, si kwa ajili ya kusikiliza, ila kwa ajili ya kujua kwamba bado ipo. Ikiongea kama kawaida, mji uko salama. Ikinyamaza, au ikitoa sauti usiyoizoea, maana yake kuna mwingine amekalia kiti.

Ordinateri yetu, yaani kompyuta, iliendeshwa na Linux, ule mfumo wa bure ambao watu wa dunia nzima wanautengeneza na kuuacha wazi, unaruhusiwa kuufungua uone ndani, kuukopi, kumpa jirani, na hakuna atakayekufuata. Kitu hicho kilinishangaza kuliko vyote. Nani anaketi kwao, anatengeneza kitu kizuri namna ile, halafu anampa mtu wa Uvira asiyemjua hata jina? Na tena hachoki, maana baada ya miezi kadhaa linatoka toleo jipya, wamerekebisha hiki, wameongeza kile. Nilikuwa nayangoja matoleo yale kama wengine wanavyongoja mgeni kutoka Ulaya. Binamu yangu anayesoma Bujumbura ndiye aliyenishushia kwenye mtandao wa chuo chao, akanitumia kwenye flashi kwa mkono wa wafanyabiashara wanaovuka mpaka.

Siku hiyo flashi ilinifikia asubuhi, nikaishika mfukoni kama mtu aliyeficha andazi. Mkubwa wetu, Papa Mulonda, ambaye ndiye aliyekuwa mtangazaji pia, alikuwa anaweka nyimbo kutoka kwenye ordinateri. Saa sita akasema anaenda kula samaki, niangalie nyimbo zisikatike. Ningengoja jioni, lakini jioni jenereta inazimwa. Nikawaza, nitaweka kaseti ya kwaya kwenye ile mashine ya zamani, kwaya iimbe hewani, na mimi huku niangalie kidogo tu toleo jipya linafananaje. Kidogo tu! Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, mengine yote yalijifuata yenyewe.

Kwanza nilikopi sauti zetu zote pembeni (mnisifu hapo kidogo). Halafu nikaweka kaseti, nikapandisha kitufe cha kaseti, nikashusha cha ordinateri. Ndivyo nilivyodhani. Vile vitufe vilikuwa vimefutika maandishi kwa vidole vya miaka mingi, na spika ya studio ilikuwa imeungua, kwa hiyo sikuweza kusikia nini kinatoka na nini hakitoki. Kumbe nilifanya kinyume. Kwaya ilikuwa inajiimbia peke yake ndani ya mashine, na ordinateri ndiyo ilikuwa inasema na mji mzima.

Nikaizima, nikaiwasha na flashi. Hewani, baadaye nikaambiwa, palikuwa kimya kabisa, halafu zikalia ngoma ambazo hakuna aliyezijua (ndio mlio wa toleo lile likiamka). Mbele yangu kikaja kioo kizuri cha rangi, na juu pembeni kuna kipicha cha mtu amenyoosha mikono kama anaomba. Nikajiuliza huyu ni nani, nikambonyeza. Sikuona kitu kimebadilika. (Yule mtu ni wa vipofu. Ukimbonyeza, ordinateri inaanza kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, kwa Kiingereza, sauti ya mwanaume asiyevuta pumzi.)

Sasa twende kwa mama yangu. Mama alikuwa kwenye meza yake ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, redio iko pembeni, na karibu yake ameketi Mwalimu Sadiki anayefundisha Kiingereza. Ukimya ulipoingia, soko lilinyamaza nalo. Ngoma zilipolia, watu wakaanza kufunga mizigo. Ile sauti ilipoanza, wote wakamgeukia Mwalimu, naye akasimama akawa anatafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu mkubwa, Mungu amsamehe.

"Anasema, futa vyote."

Hapo nusu ya soko iliondoka. Mimi huko studio nilikuwa natafuna mhindi wa kuchoma, udadisi umenishinda, nimeamua kuliweka toleo jipya kabisa, nimechagua mfumo wa zamani ufutwe.

"Anauliza, uko wapi?"

Waliobaki wakainama chini ya meza.

"Anauliza, wewe ni nani?"

Hapo ndipo panapoandikwa jina, na kila herufi niliyoigusa, ile sauti iliitaja. Mwalimu akaziandika kwenye kiganja chake, akaziangalia, akamwangalia mama yangu, akasoma taratibu, "Riziki."

Halafu toleo likaniomba neno la siri, mimi nikaweka la haraka haraka. Mwalimu akasema, "Anadai siri. Sasa anasema siri ni dhaifu. Anamtaka airudie."

Mama hakungoja zaidi. Aliacha ndagala, akachukua sufuria tu (mpaka leo hajui kwa nini sufuria), akakimbia hadi kwa askari waliokuwa wanalinda barabara kuu, akawapigia magoti kwamba binti yake amekamatwa ndani ya redio, anahojiwa na wazungu, na anakaribia kuishiwa nguvu. Njiani alikuwa anawaambia watu vilevile. Kasenga yote ikafunga magodoro, ikashika njia ya Kavimvira kuelekea mpaka wa Burundi.

Mimi nilishtuka mlango ulipopigwa teke. Nikaona mitutu ya bunduki, nyuma yake kapiteni, nyuma ya kapiteni mama yangu bila kitambaa kichwani. Mhindi ulinidondoka. Wote walitazama kila kona ya kile chumba, wakaona kiti kimoja na mtu mmoja.

"Weye njo Riziki?" kapiteni akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nani iko nakuuliza maswali?"

Nikanyoosha kidole kwenye ordinateri. Alipoisogelea akagusa kipanya chake, na ile sauti ikasema kitu kutoka kwenye redio ndogo iliyoning'inia begani kwa askari wake. Hapo ndipo nilipojua. Niliangalia vile vitufe, nikaangalia kaseti inayozunguka, nikatamani sakafu inimeze na flashi yangu.

Niliwaeleza kwa kigugumizi, na kapiteni alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, badala ya kunipiga kama nilivyotegemea, akainama mbele ya kioo akaniuliza kipofu anawezaje kuandika nayo, na je, ni kweli ni bure, na huyo anayetoa bure anapata nini. Nikamwambia hata mimi ningali najiuliza. Akatikisa kichwa. "Hapa kwetu kitu cha bure njo kinatuogopeshaka," akasema, kisha akajinyoosha. "Sasa usemeshe batu. Bako njiani na batoto."

Papa Mulonda hayupo, nani aseme? Mimi. Nikarekebisha vitufe, nikashika mikro kwa mikono miwili, na maneno yangu ya kwanza hewani maishani mwangu yalikuwa haya: "Wa-wapenzi wasikilizaji, msiogope. Leo tumebadilisha mfumo. Mfumo wa zamani umefutwa wote. Mfumo mpya umeshaingia, na unafanya kazi vizuri."

Kapiteni alifumba macho. Nje tulisikia wale waliokuwa wamesimama kusikiliza wanaanza kukimbia upya.

Mama akaninyang'anya mikro. "Minye mama yake Riziki, wa kuuzisha ndagala," akasema. "Mutoto iko muzima. Hakuna muntu alimukamata. Alikuwa nacheza na mashini, mashini ikasema Kiingereza. Murudie ku manyumba." Akafikiri kidogo. "Na sufuria yangu ilianguka ku barabara, ile ya mufuniko wa bluu. Mwenye aliiokota anirudishie."

Watu waliniambia ni sufuria iliyowarudisha. Walisema mji uliotekwa hautafuti sufuria.

Lakini wengi walikuwa wameshafika mbali, wengine bila redio, hivyo kapiteni akanipandisha kwenye pikipiki ya askari wake na kipaza sauti, nipite njia yote hadi Kavimvira nikitangaza kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Nilitangaza. Wengine walinitukana, wengine walicheka, Papa Mulonda nilimkuta karibu kabisa na mpaka, na harufu ya samaki mikononi, akaniangalia kutoka kichwa mpaka miguu (maneno aliyasema baadaye, kwa muda mrefu).

Kando ya barabara nilimkuta mama mmoja mzee amekalia godoro lililofungwa kamba. Alikuwa wa Runingu, analala shuleni na wajukuu hao waliomzunguka. Nilishuka nikamwomba radhi, nikategemea matusi, kwa sababu yeye alikuwa amekimbia vita vya kweli na mimi nimemkimbiza tena kwa mchezo. Akaniuliza tu, "Ile sauti ilikuuliza weye uko wapi. Ulijibu nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kwenye kioo kuna ramani ya kuchagua mji wako, ila Uvira haimo, ya nchi yetu iliyo karibu ni Lubumbashi, nikabonyeza hiyo.

Akatabasamu. "Kumbe nayo haijue penye tuko. Minye tangu tutoke kwetu, kila muntu ananiuliza niko wapi, na sijue nimujibu nini."

Nilimpandisha yeye kwenye pikipiki na wajukuu, godoro nikalibeba kichwani mwenyewe, kutoka Kavimvira mpaka shuleni, mchana kweupe, katikati ya Kasenga yote inayorudi, na kila mlango ninaopita unauliza, "Wewe ni nani?" na mwingine anajibu, "Riziki."

Toleo lile lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo, na yaliyolifuata nimeyaweka yote. Udadisi haujaniacha na siuombi uniache. Ila niliapa, na kiapo hicho nakishika: kabla sijabonyeza chochote, natoka nje, nachomoa waya unaokwenda kwenye mnara, narudi nao ndani, naukalia.