Mabenchi ya Vitambaa na Ukuta Mmoja Mtupu

Jumanne nilipigiwa simu kwamba yule mama fundi wa makochi wa hapa Dodoma hatunaye tena. Nimeumia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanakumbuka nilivyomtania humu, kwamba mtu mzima anazunguka na gunia kwa mafundi cherehani akiomba mabaki ya vitambaa. Aliisoma, akanipigia. Nikawahi kutoa shikamoo nikidhani itaniokoa. "Marahaba," akasema. "Njoo ukae kwanza, ndipo uandike." Nilienda, nikakaa, nikamtazama akifanya kazi. Mabaki ambayo wengine huyachoma nyuma ya vibanda, yeye aliyachambua, akayashindilia na kuyashonea ndani ya mabenchi yenye migongo mirefu. Ukiyapanga kandokando ya kuta, mwangwi unakwisha. Katika mji unaojenga kumbi za saruji na bati kila kukicha, halafu watu wasisikilizane ndani yake, hiyo haikuwa kazi ya mchezo.

Kazi yake kubwa ilikuwa darasa la watoto wasioona, nje kidogo ya mji. Alizungushia mabenchi kuta zote nne, tukapongezana sana. Kisha mwalimu wao, ambaye naye haoni, akaingia kwa mwendo wake wa siku zote na kujigonga kwenye kabati. Akasimama, akagonga fimbo sakafuni, akasikiliza. "Mama, watoto sasa wananisikia vizuri, asante. Ila mimi sijui ukuta uko wapi. Zamani ulikuwa unanijibu."

Kesho yake wakubwa wa elimu walikuwa wanakuja kulikagua darasa hilo, na wakiridhika, madarasa mengine yangepata mabenchi hayo. Mkuu wa shule akamsihi mama ayaache mabenchi hivyo hivyo mpaka wageni waondoke. Nakiri, hata mimi nilimwambia asijiharibie. "Kwani nimewatengenezea wageni?" akatuuliza kwa ukali. Akamshika mwalimu mkono. Mwalimu akawa anagonga fimbo, yeye anaondoa benchi moja baada ya jingine, mpaka ukuta wa upande wa mlango ukabaki mtupu na mwalimu akatembea hadi mezani kwake bila kupapasa.

Wageni walipouliza sababu ya ukuta ule, hakutafuta maneno. "Nilikosea, mwalimu akanirekebisha." Wakaagiza mabenchi ya madarasa mengine palepale, kwa sharti kwamba mwalimu awepo yakipangwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sisi wenye kalamu na wenye vyeo tunapenda kuwachagulia watu vitanda, kisha tukiambiwa tumekosea tunanuna. Mama huyu alinifundisha vingine. Siku hizi nikitaka kumjua fundi, simtazami anaposhona. Nangoja nimwone akifumua kazi yake mwenyewe, watu wakiwa bado wanaisifia.