Kiondo cha Sarafu Mlangoni kwa Wakwe

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kutoka nyumbani, na miaka yote nimekuwa nikiwaambia ni uchovu, lakini tangu ile Jumamosi ya Shauri Moyo ni aibu, na leo nimeamua kuieleza mwenyewe kwa sababu nimegundua inaelezwa hata nisipokuwepo, tena vibaya (kuna mahali wanasema nilienda na gunia, halikuwa gunia, kilikuwa kiondo).

Wiki hiyo mtaa wetu wa Mowlem mzima ulikuwa unaambiana kwamba sarafu za shilingi moja na shilingi tano zinaondolewa, kwamba serikali imechoka kuzitengeneza, kwamba muda si mrefu ukishikwa nazo umeshika vyuma tu. Nani alisema? Hakuna aliyejua. Kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji wa ploti yetu mtu alituma sauti ya mwanamume asiyejitaja jina, akiongea polepole kama mtu anayejua, na siku hiyo hiyo mwenye duka la pale chini akaanza kukataa shilingi moja, akaniambia, "Hizo peleka benki, mzee." Nami nilikuwa na ndoo nzima ya mafuta ya kupikia (mafuta yaliisha zamani) iliyojaa sarafu hizo, chenji ya miaka ya kukimbilia maziwa na mkate na kurudi haraka kwenye kiti changu.

Mwende, mke wangu, naye akasema benki. Nikamwambia nitaenda. Akaniangalia vile ananiangalia nikisema nitarekebisha bomba la jikoni.

Sasa, Jumamosi hiyo ndiyo tulikuwa tunaenda kumposea mdogo wangu Mutuku. Baba hayupo, kwa hiyo msemaji wa familia ni mimi, si kwa ujuzi, ni kwa kuzaliwa kwanza. Msichana anaitwa Nekesa, watu wao ni wa magharibi, wamekaa mtaa wa Shauri Moyo tangu babu yake alipokuwa akifanya kazi ya reli, na aliyemlea ni shangazi yake, Shangazi Rosa, kwa sababu mama yake alifariki Nekesa akiwa mdogo. Huyo shangazi alikuwa ameshatuahirishia mara mbili. Alimwambia Mutuku peupe kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho, na akiona mzaha wowote hakuna ndoa, kijana atafute kwingine. Mutuku hakulala vizuri wiki hiyo. Mimi nililala.

Kama umewahi kwenda posa unajua hufunguliwi mlango bure. Akina mama wa upande wa msichana wanaziba njia, wanaimba, wanakwambia mlango umeshikwa na kutu, msemaji anatoa noti, wanaikataa, anaongeza, wanacheka, anaongeza tena, ndipo unafunguka. Mama alinipa noti mpya kabisa za kazi hiyo, ameziweka kwenye bahasha, akaniambia, "Musyoki, utoe kwa mkono wa kulia na uso wa furaha."

Na hapo ndipo akili yangu ya kitini ikaanza kazi. Nikajiambia, pale mlangoni ni mchezo tu, hakuna anayeangalia ni nini, wanataka kelele na kicheko, na mimi nina ndoo ya kelele nyumbani. Noti nitazirudisha kwa mama, sarafu zitakuwa zimetoka, na benki sitaenda. Asubuhi, Mwende akiwa anajitayarisha, nikamimina sarafu kwenye kiondo chake kizuri, kile cha kwenda nacho kanisani, nikafunika na kitambaa cheupe cha meza. Nilijiona mtu wa maana sana.

Tulipofika, akina mama walikuwa wameshapanga leso mlangoni, wanaimba, na Shangazi Rosa yuko mbele, mwembamba, na macho ya mtu anayeuza mboga soko la Gikomba na hajawahi kudanganywa na mteja. Majirani wa mstari mzima wametoka na viti. Nikatoa salamu, nikasema sisi ni wageni kutoka mbali (Mowlem, humu humu Nairobi), tumesikia hapa kuna ua, na hatukuja mikono mitupu. Nikainua kiondo. Kilikuwa kizito, kikalia chwaaa.

"Jamani," akasema mama mmoja, "leo tumepata wakwe wa uzito."

Wakapiga vigelegele. Mama yangu akanigeukia na uso wa kuuliza, kwa sababu hicho kiondo hakikuwa kwenye mipango. Mwende alikuwa ameshakitambua, na alikuwa anaangalia chini.

Shangazi Rosa akaondoa kitambaa, akaingiza mkono, akatoa sarafu chache, akazigeuza kiganjani. Wimbo ukafifia kama redio iliyoisha betri.

"Baba," akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha, "hizi si ndizo zinazoondolewa?"

"Ah, shangazi, huo ni uvumi tu."

"Ni uvumi?"

"Kabisa. Watu wanapenda kuongea."

"Sawa. Kama ni uvumi, mbona umeleta zote?"

Mnaona nilipofika. Nikisema ni nzima, kwa nini nimemwaga za nyumba nzima mlangoni kwake? Nikisema zinakufa, basi nimemletea pesa iliyokufa ya kufungulia mlango wa mtoto aliyemlea.

"Jana tu," akawaambia wenzake, "nimemkatalia mteja hizi hizi, bibi mzee, akarudisha sukuma wiki yake. Na nilijisikia vibaya. Leo wakwe zangu wananiletea kiondo."

"Labda wameona hapa kuna pipa la taka," akasema yule mama aliyetaja uzito.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikakumbuka bahasha, nikaona hapa nitajiokoa, nikaichomoa mfukoni, nikazipanua zile noti mpya kama karata na kusema, "Shangazi, usiwe na wasiwasi, pesa ipo."

Halafu Mwende akasema kwa Kikamba, polepole, "Sasa umemaliza."

Kwa sababu mpaka hapo ningeweza kuwa maskini. Maskini anasamehewa. Sasa kila mtu aliona kwamba nilikuwa na pesa nzuri mfukoni nikachagua kutoa ile mbaya.

"Kwa hiyo zilikuwepo," akasema Shangazi Rosa. Akanirudishia kiondo, na ama mkono wangu ulikuwa na jasho, ama Mwende atakuwa sahihi kwamba kile kilikuwa cha urembo na si cha kubebea vyuma, mkanda wake ukakatika. Sarafu zikatawanyika njia nzima, zikaingia mtaroni, zikazunguka chini ya viti vya majirani, zikaendelea kulia muda mrefu kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kulia. Watoto walikimbia kuziokota, wakaziangalia, wakaziacha. Mmoja alirudisha moja mkononi mwangu kwa heshima kabisa, "Mzee, umeangusha."

Mutuku alikuwa amevaa suti aliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo, na alikuwa anaangalia ule mlango tu, vile mtu anavyoangalia lifti ikifunga.

Aliyetuokoa ni mama. Alivua viatu, akapita katikati ya zile sarafu mpaka kwa Shangazi Rosa, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Mama mwenzangu, huyu nimemzaa mimi na makosa ni yangu. Lakini anayeoa si huyu. Mwangalie yule." Wakamwangalia Mutuku. Walichukua muda. Mimi pia wangeniangalia kidogo ningeshukuru, lakini hakuna aliyejisumbua.

Mwishowe Shangazi Rosa akatoa hukumu. Kijana aingie. Mama aingie. Faini ni mbuzi mmoja juu ya wale wa mahari watakaokubaliwa, na atanunuliwa na msemaji kwa pesa yake (kwa noti, alikazia). "Na msemaji mwenyewe abaki nje na maneno yake."

Kwa hiyo posa ya mdogo wangu niliisikiliza nikiwa nje, nimekaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji, baada ya kuokota nilichoweza kuokota mbele ya majirani ambao hawakurudisha viti ndani. Mjomba wetu, tuliyekuwa tumekuja naye, alisema badala yangu, na nasikia alisema vizuri. Zile sarafu, kwa taarifa yenu, hazijaondolewa mpaka leo. Juzi mwenye duka aliniuliza kama sina shilingi tano tano, eti anahangaika na chenji.

Jioni hiyo mlango ulifunguka na Nekesa akatoka na sahani ya ugali na kuku. Nilijua atacheka, na nilikuwa nimejitayarisha kucheka naye. Hakucheka.

"Kula, shemeji, kitapoa."

Nikaanza kuomba msamaha. Akachuchumaa pembeni yangu.

"Mimi nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Si unajua hatuonyeshwi mpaka mwisho. Kwa hiyo sikuona kitu, nilisikia tu zikilia, nikasikia na watu wamenyamaza. Nikajiuliza, kwani thamani yangu ndiyo hiyo?"

Halafu akaniambia nisimwambie Mutuku, akaingia ndani kwa wageni.

Walioana, wanaishi vizuri, na wakija kwetu mimi ndiye ninayeinuka kuwapikia chai, jambo ambalo Mwende bado haliamini. Nawaambia nyinyi niliyojifunza na mnicheke mkitaka: sibebi tena kwenda kwa watu kitu ambacho nilikuwa natafuta pa kukitupa. Kama sina kizuri, nitaenda mikono mitupu na nitasimama hapo nje mpaka nifunguliwe.