Sharti la Kijiji

Fundi wa kompyuta wa ushirika wa wafugaji, pale Karatu mjini, ana kawaida ya kupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kama mpishi anayetaka kuepua sufuria kwa mikono mitupu. Mfumo wa kutolea dawa za mifugo ameuunda vipande vipande, na kila kipande amekibandikia faili la masharti linaloamua nani ahudumiwe na nani akataliwe. Akishalibandika, hugonga meza kwa kidole na kunong'ona, "Kaa hapo."

Asubuhi hii mfugaji mmoja, Naserian, amekuja dirishani kutafuta dawa ya ndama. "Unakaa kijiji gani, mama?" karani anamuuliza.

"Endabash," anajibu, maana ng'ombe wako huko tangu majani yakauke kwao Nainokanoka, na mfugaji hukaa walipo ng'ombe wake. Lakini kwenye mfumo aliandikishwa Nainokanoka. Majibu yamepishana, na sharti la kijiji linataka yalingane; papo hapo mfumo unamfungia.

Karani anamwita fundi, naye anapuliza vidole, analifuta sharti hilo. Linarudi. Analifuta tena, linarudi tena, kwa sababu alilifunga kwenye faili la makao makuu, Arusha, ili mtu yeyote wa Karatu asije akalichezea. Makao makuu hawapokei simu.

"Mwanangu," Naserian anamwambia taratibu, "ndama anahema kwa shida. Iambie hiyo mashine yako."

Karani anageuka. "Fundi, si wewe uliyelibandika?"

"Ni mimi," anasema, akivitazama vidole vyake. "Nililibandika vizuri."