Kaka Yangu Anasubiri au Anakaa Tu

"Baba yako yumo humu ndani. Siendi kokote!"

"Mama, baba tumemzika."

"Nilikuwepo. Nani kakwambia sikuwepo?"

Ndivyo walivyokuwa wakivutana, wifi yangu na binti yake, mabegi yamefungwa mlangoni, gari la mizigo liko njiani. Binti anataka mama yake akaishi kwake. Mimi nimeketi katikati yao nakula karanga zao, maana ugomvi wa watu haunogi kwa mdomo mtupu.

Wifi yangu huyu alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha kupiga chapa. Enzi zile herufi ni vipande vya madini ya risasi, unavipanga kimoja kimoja kinyumenyume, mpaka akazoea kusoma kwa kugeuza. Daktari akiandika upande wa pili wa meza, wifi anausoma ugonjwa wake kabla daktari hajaumaliza, na anamsahihishia. Mkibisha, shauri yenu. Kaka yangu alikuwa msahihishaji palepale, na uchumba wao ulikuwa kuzozania maneno ya Kiingereza waliyoyachapa. Mimi shule niliiona kupitia dirishani, lakini Kiingereza chao nimekila nao sahani moja.

Tangu kaka afariki, tunamsikia. Ndara zake zinaburuzika koridoni mchana kweupe. Anakohoa kile kikohozi chake cha kuomba chai. Hata mimi nilishamjibu, "Ngoja, maji hayajachemka," kisha nikakumbuka, nikazima jiko.

"Shangazi, mwambie basi," binti akanigeukia. "Ataugua humu."

"Nataka kujua kitu kimoja tu," wifi akasema. "Anafanya nini humu? Kuna 'wait' na kuna 'bide'."

"Haya, ameanza!"

"'Wait' kila mtu analo mdomoni. Ni kusubiri kitu: jicho mlangoni, na kikija unaondoka nacho. 'Bide' ni la kale, Waingereza wenyewe karibu wamelitupa. Hilo ni kukaa ulipo, lije jua, ije mvua, humtazamii mtu. Kama unyevu ukutani. Sasa baba yako ni lipi? Kama ananisubiri mimi, nikitoka atatoka. Kama anakaa tu, atabaki."

"Na akitoka?" nikauliza, karanga imenikwama.

"Basi siku zangu zimekwisha, wifi. Hataondoka mikono mitupu."

Akavaa viatu, akavuka kizingiti, akasimama nje. Tukatega masikio wote watatu. Ndani, ndara zikaburuzika, zikaelekea dirishani, mbali na mlango. Kikohozi. Kisha kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akikaa kwa raha zake.

Binti alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Amebaki," akanong'ona. "Mama, amebaki! Hana haja na wewe. Uko salama, twende!"

Wifi hakucheka. Uso ulimshuka kama nguo iliyoponyoka kambani.

"Hana haja na mimi," akasema polepole.

"Si ndiyo heri hiyo?" nikamwambia. "Au wewe ulitaka akuchukue?"

"Miaka yote hii nimemwachia upande wake wa kitanda, wifi. Nikidhani yeye ndiye... Kumbe mwenye kusubiri ni—"

Lango la ua likafunguliwa, nyayo za mwanamume zikaingia. Wifi akageuka upesi mno, uso umemng'aa kama wa bibi harusi, kisha akaona ni dereva wa gari la mizigo.