Sauti ya Mume Wangu Kinywani mwa Mgeni

Ifrah, mjukuu wangu, andika kama ninavyosema, wala usipambe. Nawe unayenisikiliza, ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Garissa, jua likiwa bado halijazama na akili zangu zikiwa timamu.

Mjini petu kuna maktaba isiyo na kitabu hata kimoja. Vijana walizunguka na vinasa sauti, kutoka Masalani hadi Habaswein, wakakusanya mashairi, nasaba na nyimbo za wazee, wakaziweka mtandaoni ili kila mtu azisikilize kwa simu. Marehemu mume wangu aliwaimbia wimbo wa kunyweshea ngamia. Ndani yake alisema: "Kunywa, ewe uliyeibeba nyumba ya Habiba."

Habiba ni mke mwenzangu. Sasa nijibu: nyumba ipi? Nyumba iliyobebwa na ngamia yule ilikuwa yangu. Mikeka yake niliisuka mimi, miti yake niliikunja mimi, na kila tulipohama niliipakia mimi. Habiba aliolewa tulipokwisha kujenga nyumba ya mabati hapa mjini, mtaa wa Waberi. Hajawahi kufunga hata kibuyu mgongoni mwa ngamia. Na bado, kila alasiri, aliucheza wimbo ule kwenye simu yake karibu na ua wangu, sauti ikiwa imepandishwa hadi mwisho. Wewe ungevumilia?

Asubuhi moja maktaba ikanyamaza. Tukaambiwa kwamba wezi wa mtandao wameivamia na sauti zote zimetoweka. Basi mji mzima ukageuka mpelelezi. Mwenye duka alisema ni vijana wa Nairobi wasio na kazi. Jirani yake alisema ni serikali ya nchi ya mbali. Alipoulizwa nchi ya mbali inataka nini na nyimbo za ngamia, alijibu kwamba hiyo ndiyo siri yenyewe. Habiba naye alisimama uani, akapaza sauti ili wapita njia wasikie:

"Ni wewe! Wivu wako sasa umeingia hadi kwenye kompyuta!"

"Mimi? Mimi ambaye hata simu hushikiwa na mjukuu? Nenda ukamtafute mwizi aliyesoma!"

Sikuwa mwizi. Lakini alasiri ile ilikuwa kimya, na nilikunywa chai yangu kwa raha ambayo sikuwa nimeionja tangu tulipomzika mume wetu.

Jioni yake mbuzi wangu mmoja hakurudi. Nilimfuata hadi kwenye lagga, ule mkondo mkavu ulio nyuma ya mji. Ukingoni alikuwa ameketi mwanamume mrefu, akijisugua paja polepole kwa kijiti. Kwetu, mgeni huulizwa habari za alikotoka, kisha huulizwa ni mtoto wa nani, naye huwataja baba zake mmoja baada ya mwingine. Nikamsalimu, nikamwuliza.

Akaanza kuwataja. Wallahi, kila jina lilitoka kwa sauti tofauti! Moja lilitoka kwa sauti iliyokwaruza ya bibi wa Masalani. Lingine lilitoka kwa sauti ya mtunga mashairi wa Habaswein. Zilikuwa sauti za maktaba, na midomo yake haikufunguka sawasawa nazo. Mwishowe nikasikia kikohozi kidogo ninachokijua kuliko kikohozi changu, na mume wangu akaimba kutoka kinywani mwa mtu yule, hadi kwenye yale maneno, nyumba ya Habiba.

Ungesema nilipaswa kukimbia. Ni mwanamke gani wa kwetu asiyemjua mtu anayejisugua kwa kijiti magharibi inapokaribia, akawa fisi? Tulitishwa naye tangu utotoni. Lakini niliposikia jina lile, hofu ilinitoka, ikaingia hasira.

"Umekosea," nikamwambia. "Nyumba ni yangu. Ondoa jina lake, weka langu."

"Nikiweka lako," alijibu kwa sauti ya mume wangu, "la kwanza halitarudi."

"Lisirudi."

Akauimba upya, jina langu likiwa ndani. Kisha akajisugua kwa kijiti kiunoni, mgongo wake ukainama kwa nyuma, akaondoka kwa miguu minne, akicheka. Mbuzi wangu sikumpata, niliona kamba yake tu.

Baadaye maktaba ilirudishwa. Habiba alikimbilia simu yake na kuipandisha sauti kama desturi yake. Mume wetu akaimba: "Ewe uliyeibeba nyumba ya," likafuata jina langu. Nilisikia simu ikianguka sakafuni.

"Umemchukua hata kaburini," alisema. Hakupaza sauti.

Nilikwenda kwa kijana wa maktaba, nikamweleza aliyefanya. Alinisikiliza kwa adabu.

"Ayeeyo," akasema, akiniita bibi, "fisi hana nywila."

"Na aliyefanya, mmemjua?"

Hadi leo hawajamjua. Wanasema wavamizi waliuchezea wimbo kwa mzaha.

Sasa sikiliza linaloninyima usingizi. Mume wangu hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita binti ya baba yangu, kama wazee walivyowaita wake zao kwa heshima. Habiba peke yake ndiye aliyetajwa jina. Kwa hiyo, kila nikisikia jina langu kwenye wimbo, najua ni nani analitaja, na baada yake nasikia pumzi ya mnyama.

Wimbo wa kweli umebaki kichwani mwa Habiba. Huuimba akifua nguo, kwa sauti ndogo, nami nasogea uani kusikiliza. Akiniona, hunyamaza. Hata wimbo huo ulio kichwani mwake nimemwonea wivu.

Basi nakuonya wewe unayesoma: siku utakapokutana na mgeni aliyebeba sauti ya maiti wako, soma Bismillahi, upite. Ukishindwa kupita, sikiliza tu. Usimwombe abadilishe hata neno moja.