Ngoma Yangu Iliyomkimbiza Fahali

Malinya siendi tena kwa kujidai, na mkisikia nimefika huko jueni nimepita njia ya nyuma, kwa sababu kuna asubuhi moja ya Jumamosi, wala si zamani, ambayo uwanja mzima wa fahali ulinigeukia na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wao wameiongezea chumvi.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Kakamega mjini. Kazi yangu ni kukereza, yaani nafunga mti kwenye mashine, unazunguka, nami nauchonga kwa patasi mpaka uwe mguu wa meza au wa kitanda (miguu yangu ya vitanda inajulikana mpaka Butere, niacheni nijisifu hapo, mbele hakuna kingine cha kujisifia). Msichana ninayetaka kumuoa, Betty, ni wa Malinya, na baba yake, Mzee Shivachi, anafuga fahali wa kupigana anayeitwa Tingatinga. Mzee alikuwa hajanikubali wala kunikataa. Basi isukuti yake kubwa, ile ngoma ya kumsindikiza fahali uwanjani, ikaliwa na mchwa, akamtuma Betty aniambie niwatengenezee nyingine, na kwamba fahali akishinda tutaketi tuzungumze mambo ya posa. Mimi nikaelewa kwamba nikipata ngoma nimepata mke.

Sasa isukuti huchongwa kwa mkono, gogo likishakauka linatobolewa polepole kwa patasi na nyundo, na hilo kila mtu kwetu analijua. Mimi nikasema, ya nini kuhangaika na mashine ninayo? Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikachukua gogo bichi, bado lina maji, nikalifunga, nikawasha, na kwa haraka ya mapenzi nikaongeza mwendo. Gogo likaanza kuitikisa mashine, nikajiambia litatulia, na halikutulia, liling'oka, likapita karibu na sikio langu, likagonga ukuta wa mabati kwa kishindo kilichomtoa mbio mama anayeuza chai jirani, birika mkononi. Nikazima mashine. Nilipoliokota, kipande cha upana wa kiganja kilikuwa kimebanduka ubavuni.

Mtu mwenye akili angetafuta gogo lingine. Mimi nikakipaka kipande gundi, nikakirudisha mahali pake, nyufa nikazijaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, nikakaza kwa mpira wa tairi la baiskeli hadi kikashika, kisha nikarudi mashineni, safari hii taratibu kama mtu aliyebeba mayai, nikatoboa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikawamba ngozi. Jamani, ilipendeza. Betty alinisikia nikijisifu jinsi nilivyoiokoa, akaniuliza kama kweli itashika. Nikamwambia gundi hii ikishashika imeshika.

Jumamosi hiyo kulikuwa na baridi ya alfajiri. Mzee aliipapasa ngoma, akasema inateleza kama sahani, na hata akatabasamu, nikaanza kujiona mkwe. Tingatinga akatolewa zizini, na wapiga ngoma wakawasha moto wa majani makavu. Mimi (fundi wa miguu ya vitanda) sikuwa nimewahi kuwaza kwamba ngoma hupashwa moto kwanza ndipo ngozi ikazike na sauti itoke. Nikamwona Shem, mpigaji wetu, akiinamisha ngoma yangu juu ya moto na kuizungusha bila haraka. Nikasikia harufu ya vanishi, halafu ya gundi. Nikajiambia itashika tu, nikaenda kukata tawi kama wenzangu.

Tukaingia uwanjani tukikimbia na matawi mikononi, watu wanaimba, fahali wa wapinzani anangoja upande wa pili akichimba udongo kwa kwato. Shem alikuwa ubavuni mwa Tingatinga. Akapiga, akapiga tena, na kile kipande kikafyatuka, kikampiga fahali puani.

Nanyi mnajua sheria, fahali akigeuza mgongo ameshindwa. Tingatinga hata mpinzani hakuwa amemtazama vizuri. Aligeuka, mkia juu, akapasua watu, akaingia kwenye mahindi ya wenyewe akapotea, na ngoma yangu mkononi mwa Shem ikatoa sauti ya debe. Mimi, nawaapia, nilidhani ndoto. Kisha uwanja mzima ukaanza kucheka.

Mzee hakucheka. Alienda polepole, akaokota kile kipande, akakigeuza, akakinusa.

"Hii ni nini?"

"Ni gundi, baba."

"Mimi nafuganga ng'ombe tangu utoto," akasema, bila kupandisha sauti. "Sijawahi ona ng'ombe amekimbizwa na gundi."

Tulimtafuta Tingatinga mpaka mchana, na mimi ndiye niliyemwona, amejificha nyuma ya migomba, lakini na yeye akaniona, akatoka mbio upya. Hadi sasa akinisikia langoni anarudi nyuma zizini. Ndiyo maana ya njia ya nyuma.

Mzee alikuja kuniita baadaye. Alisema mazungumzo yapo, ila nitengeneze ngoma nyingine, ya mkono, gogo kavu, na kati ya ng'ombe wa mahari mmoja awe fahali. "Na awe hajawahi kukuona," akaongeza.

Nimeapa gogo bichi halitapanda mashine yangu tena, kwa haraka ya mapenzi wala ya kitu kingine. Gogo jipya nimelisimamisha kivulini nyuma ya karakana, na mti huo unakauka kwa wakati wake. Betty hupita kila wiki, analigonga kwa kidole, anaweka sikio, halafu anatikisa kichwa na kwenda zake.